Ruhusa ya Maji

Tarehe 19 Novemba 1924, gari lililombeba Sir Lee Stack lilimiminiwa risasi likipita katikati ya jiji la Cairo. Stack alikuwa Gavana Mkuu wa Sudan, na wakati huohuo mkuu wa jeshi la Misri. Akafa kesho yake. Tarehe 22, Lord Allenby, mwakilishi mkuu wa Uingereza nchini Misri, alikwenda kwa waziri mkuu Saad Zaghlul akisindikizwa na kikosi cha askari wa farasi, akamsomea masharti. Misri iombe radhi. Ilipe faini ya pauni 500,000. Iondoe maofisa na wanajeshi wake Sudan. Kisha likafuata sharti ambalo halikuwa na uhusiano wowote na mauaji yale: serikali ya Sudan ingeongeza eneo la umwagiliaji la Gezira kutoka fedani 300,000 hadi kiwango chochote ambacho ingeona kinahitajika.

Zaghlul alijiuzulu baada ya siku chache. Faini ililipwa, jeshi likaondoka. Lakini lile sharti la maji ndilo lililobaki vichwani mwa Wamisri, wala si ajabu. Sehemu kubwa ya Misri ni jangwa. Mvua yake haitoshi kuotesha hata tuta la mchicha. Ngano, maharage, pamba na maji ya kunywa ya miji yote yanategemea mto mmoja, na mto huo hauna chanzo hata kimoja ndani ya mipaka ya nchi. Allenby alikuwa amewaonyesha kwamba maji yale yanaweza kugeuzwa silaha na yeyote aliyekaa upande wa juu.

Naanzia hapo kwa makusudi. Sisi wa nchi za maziwa tumezoea kuisimulia habari ya Nile kana kwamba chimbuko lake ni uchoyo wa Misri tu. Hofu ya Misri ni ya kweli, na aliyeitia makali ni mkoloni aliyekuwa akizitawala pande zote mbili. Ubaya uko katika jinsi hofu hiyo ilivyotulizwa. Ilitulizwa kwa kutoa ahadi juu ya mali ya watu wa Mwanza, Bukoba, Kisumu na Jinja, watu ambao hakuna aliyewauliza.

Uingereza ilikuwa imebanwa na mahitaji yake yenyewe. Viwanda vya nguo vya Lancashire vilitaka pamba ya Misri na vilitaka pia pamba ya Gezira, ambako bwawa la Sennar lilikamilika mwaka 1925. Mfereji wa Suez nao ulihitaji Misri iliyotulia. Ilibidi maji yagawanywe kwa namna ambayo Gezira italimwa na Cairo haitawaka moto. Wataalamu wakaketi, wakapima, wakaandika taarifa. Hatimaye, tarehe 7 Mei 1929, waziri mkuu wa Misri, Mohamed Mahmoud Pasha, na Lord Lloyd, aliyemrithi Allenby, wakabadilishana barua. Barua hizo ndizo zinazoitwa Mkataba wa Nile wa 1929.

Misri ilitambuliwa kuwa na haki ya mita za ujazo bilioni 48 kwa mwaka, Sudan bilioni 4. Maji yote ya majira ya ukame, kuanzia Januari hadi katikati ya Julai, yalitengwa kwa ajili ya Misri. Halafu ikaandikwa aya moja yenye uzito kuliko hesabu zote hizo. Bila makubaliano ya awali na serikali ya Misri, hakuna kazi yoyote ya umwagiliaji au ya umeme itakayofanywa juu ya Nile na matawi yake, wala juu ya maziwa yanayoulisha, katika Sudan au katika nchi zilizo chini ya utawala wa Uingereza, ikiwa kazi hiyo itapunguza maji yanayofika Misri, itabadili majira ya kufika kwake, au itashusha kina chake.

Nchi hizo zilizo chini ya utawala wa Uingereza hazikutajwa kwa majina, lakini ni sisi. Kenya ilikuwa koloni, Uganda nchi lindwa, na Tanganyika ilikuwa mikononi mwa Mwingereza kwa dhamana tu, baada ya Mjerumani kushindwa vita. Mdhamini akaiweka dhamana rehani.

Inafaa kulitazama ziwa lenyewe lililofungwa na aya hiyo. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na ndilo kubwa kuliko yote barani Afrika. Sehemu kubwa ya maji yake, karibu asilimia 80, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Yanayobaki yanaletwa na mito: Kagera, ulio mkubwa kuliko yote, ukikusanya maji ya Rwanda, Burundi, Uganda na Tanzania, Nzoia kutoka milima ya Kenya, Mara, Simiyu na mingine. Jua linayanyonya mengi kabla hayajakwenda popote, na yanayosalia yana mlango mmoja tu wa kutokea, pale Jinja. Hakuna nchi inayoweza kusema kwa haki kwamba maji ya ziwa ni yake. Wingu linalokusanyika juu ya Ukerewe linaweza kunyesha Kalangala.

Hata hivyo ziwa lilikuwa limekwisha kukatwa vipande. Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini makubaliano ambamo Ujerumani ilipewa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini na Uingereza ikaachiwa Zanzibar. Katika makubaliano hayohayo, mstari ulipigwa juu ya ziwa kwa kufuata latitudo ya digrii moja kusini. Mstari huo ungalipo: ndio mpaka wa majini wa Tanzania na Uganda hadi leo. Wakerewe, Wahaya, Wajita, Waluo, Waganda na Wabasoga waliendelea kuvua, kusafiri na kuoleana kwa mitumbwi kama zamani. Mwalo ulikuwa na wenyewe, wanaojua nani avute wapi na msimu gani, lakini ziwa lilikuwa la wote. Wenye madaraka ya kuandika mikataba hawakuona kwamba utaratibu huo ni sheria.

Kuna hesabu nyingine ambayo ni lazima itajwe, maana bila hiyo mtu atalikuza ziwa kupita kiasi. Maji ya Nile Nyeupe yakiingia katika mabwawa na matete ya Sudd, Sudan Kusini, karibu nusu yake hupotea. Kati ya maji yanayofika Aswan kwa mwaka, asilimia 85 hivi hutoka nyanda za juu za Ethiopia; za maziwa yetu ni asilimia 15 tu. Ila hiyo asilimia 15 haina papara. Nile ya Buluu hufurika kwa miezi michache kisha ikanywea, na wakati huo Nile Nyeupe huendelea kutiririka. Kwa mkulima wa Misri wa enzi zile, kabla ya bwawa kubwa la Aswan, maji ya miezi ya ukame yalikuwa na thamani kuliko mafuriko.

Ndiyo maana wahandisi wa Misri walikuwa na mipango mikubwa juu ya ziwa hili. Harold Hurst, Mwingereza aliyelitumikia shirika la maji la Misri kwa miongo mingi na kuupima mto huu kuliko mtu mwingine yeyote wa zama zake, alipendekeza maziwa ya Afrika Mashariki yatumike kama ghala la akiba ya karne nzima: maji yawekwe miaka ya neema, yaachiliwe miaka ya ukame. Kihandisi lilikuwa wazo zuri. Kisiasa lilimaanisha kwamba ufunguo wa ziwa ungekaa Cairo. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilipofunguliwa na Malkia Elizabeth mwezi Aprili 1954, Misri ilikuwa imelipia kuliinua zaidi ili kina cha ziwa kiweze kupanda, na mhandisi wa Misri akapewa makazi hapohapo Jinja ili asimamie kiasi cha maji kinachoachiliwa. Uganda ilipata umeme. Maji yaliendelea kutoka kwa kufuata jedwali lililokubaliwa, linalolingana na jinsi mto ulivyokuwa ukitiririka kabla haujazuiwa.

Sudan iliyojitawala mwaka 1956 ilikataa bilioni 4 za mwaka 1929. Mvutano ulikuwa mkali, na uliisha tarehe 8 Novemba 1959 kwa mkataba mpya wa nchi mbili. Humo ilikubaliwa kwamba mto unaleta Aswan wastani wa mita za ujazo bilioni 84 kwa mwaka. Bilioni 10 zilihesabiwa kuwa zitapotea kwa mvuke na kwa kunywewa na ardhi katika ziwa jipya la bwawa, bilioni 55.5 zikawa za Misri; bilioni 18.5 za Sudan. Jumlisha mwenyewe: zimekwisha zote 84. Ethiopia, inakotoka sehemu kubwa kabisa ya maji hayo, haikuachiwa hata tone. Nchi za maziwa zilitajwa tu kwa njia ya kuzungukwa: nchi nyingine ikija kudai, Misri na Sudan zitaijibu kwa sauti moja, na kitakachotolewa kitakatwa sawasawa kwenye mafungu yao.

Waliolipa gharama ya kwanza ya mkataba huo hawakuwa Waethiopia wala Watanganyika, bali Wanubi. Ujenzi wa bwawa kubwa la Aswan ulianza Januari 1960. Maji yalipopanda nyuma yake yaliuzamisha mji wa Wadi Halfa na vijiji vilivyokuwa kando ya mto kwa maelfu ya miaka. Wanubi wapatao 100,000 wa pande zote mbili za mpaka walihamishwa. Wa Sudan wakapelekwa mbali, Khashm el-Girba, kwenye tambarare ambako walikuta hali ya hewa na kilimo wasivyovizoea. Jamii moja, mto mmoja, serikali mbili, na zote mbili zikakubaliana kuwahamisha.

Mwaka 1961 ikafika zamu ya Tanganyika. Tarehe 30 Novemba, siku chache kabla ya uhuru, Julius Nyerere alisimama bungeni na kueleza jinsi nchi itakavyoshughulikia mikataba ambayo Uingereza iliiweka kwa niaba yake. Wakati ule nchi nyingi zilikuwa zikifanya mojawapo ya mambo mawili. Ama zilirithi kila kitu kwa saini moja, kama mtoto arithiye madeni ya baba asiyemjua, ama zilikataa kila kitu na kuanza na daftari tupu. Nyerere hakuchukua njia hata moja kati ya hizo. Tanganyika, alisema, itaendelea kuiheshimu mikataba ya nchi na nchi kwa miaka miwili tangu uhuru, kwa sharti kwamba upande wa pili nao utaiheshimu. Katika miaka hiyo miwili kila mkataba utatazamwa. Unaofaa utaandikwa upya kwa hiari, na ambao hautakuwa umeandikwa upya utakufa muda ukiisha, isipokuwa ile ambayo sheria za kimataifa zenyewe zinaitaka iendelee. Msimamo huo ulipelekwa kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 1961. Wanasheria duniani wakauita Kanuni ya Nyerere.

Maji yalipewa barua yake ya pekee. Tarehe 4 Julai 1962, serikali ya Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan. Ilieleza kwamba mkataba unaodai kuifunga Tanganyika daima, iombe kwanza idhini ya Misri kabla ya kutumia maji ya Ziwa Victoria au mito yake, haupatani na hadhi ya nchi huru. Kwa hiyo Tanganyika haijioni kuwa imefungwa nao. Lakini barua haikuishia hapo, na sehemu hii husahaulika. Ilisema pia kwamba maji ya Nile ni muhimu kwa nchi zote za bonde, na kwamba Tanganyika iko tayari kuzungumza na wenzake ili wagawane kwa haki.

Naona huo ndio msimamo bora zaidi ambao serikali yoyote ya bonde hili imewahi kuuweka kwenye karatasi. Haukusema maji ni yetu kwa kuwa yako kwetu. Kama ungesema hivyo, Uganda ingeweza kutujibu hivyohivyo, na Rwanda ingeijibu Uganda. Ulikataa kuomba ruhusa, ukakubali kuketi na wenzetu. Misri ilijibu Novemba 1963 kwamba kwa upande wake mkataba wa 1929 unaendelea kuwa halali hadi yapatikane makubaliano mengine. Kenya na Uganda, baada ya uhuru wao, zilifuata njia inayofanana na ya Tanganyika. Hapo ndipo jambo lilipokwama kwa miaka mingi: upande mmoja unasema mkataba umekufa, upande mwingine unasema uko hai.

Na ziwa, kana kwamba limekusudia, lilipanda. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1961 ziliendelea msimu baada ya msimu, na kufikia mwaka 1964 kina kilikuwa kimeongezeka kwa takribani mita mbili na nusu. Gati zilizama, mashamba ya kandokando yakawa majini. Misri na Sudan nazo zilitaka kujua nini kimetokea, maana maji hayo yangefika kwao. Hivyo mwaka 1967, huku mabishano ya sheria yakiwa palepale, ulianza mradi wa pamoja wa kupima mvua, mito na kina cha maziwa ya Victoria, Kyoga na Albert, makao yake Entebbe. Misri, Sudan, Kenya, Uganda na Tanzania zilikaa pamoja kusoma vipimo. Mwaka 1977, pale Rusumo, Tanzania, Rwanda na Burundi ziliunda shirika la bonde la Kagera. Uganda ikajiunga mwaka 1981. Na mwaka 1983 Misri yenyewe ilianzisha jukwaa la nchi za Nile ikalipa jina la Kiswahili, Undugu.

Mengi ya hayo yalizaa vikao kuliko mabomba. Shirika la Kagera lilivunjwa mwaka 2004 bila kujenga bwawa lililokusudiwa. Katikati ya safari yake yalitokea mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule, karibu watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya muda wa siku moja hivi, na mto uliokuwa chini yao ulikuwa ukibeba miili ya waliouawa Rwanda hadi Ziwa Victoria. Wavuvi wa Uganda na wa Kagera waliiopoa na kuizika. Kwa muda watu waliogopa kula samaki. Leo, mahali pale pale, pana mtambo wa umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinaumiliki pamoja na kugawana umeme wake sawa kwa sawa. Umechukua zaidi ya miaka arobaini tangu ulipoanza kuzungumzwa. Umejengwa, na hilo si jambo dogo.

Kipimo halisi cha barua ya 1962 kilikuja Shinyanga. Ni nchi ya mifugo, pamba na ukame, ambako kina mama na watoto walizoea kufukua mchanga wa mito iliyokauka ili kupata ndoo ya maji, au kugombania lambo moja na ng'ombe. Ziwa liko kaskazini tu, mwendo wa saa chache kwa basi. Wajerumani walikuwa wamewahi kupanga kulivuta hadi mbuga za Wembere kwa ajili ya pamba, na mpango ukafa na utawala wao. Miaka arobaini baada ya uhuru hakuna bomba lililokuwa limelazwa, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba wafadhili wa nje hawakutaka kuingizwa katika ugomvi wa Nile.

Mwaka 2004 Tanzania iliamua. Edward Lowassa ndiye aliyekuwa Waziri wa Maji. Serikali ilitumia fedha zake yenyewe, ikampa kazi mkandarasi kutoka China, na haikwenda Cairo kuomba kibali. Chanzo kilijengwa Ihelele, wilayani Misungwi. Mitambo ikasukuma maji mlimani, kisha yakatiririka hadi miji ya Kahama na Shinyanga na vijiji vilivyo njiani. Ilisemwa sana wakati ule kwamba Misri haitakubali. Lakini tuifanye hesabu. Hata kama mtambo kama ule ungesukuma mita za ujazo 100,000 kila siku ya Mungu, kwa mwaka mzima hazifiki sehemu moja ya elfu ya bilioni 55.5 zinazodaiwa na Misri. Kwa kiasi hicho watu walikuwa wamesubirishwa tangu 1929. Baadaye bomba lilisogezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora, safari hii kwa mkopo wa India. Mto haukukauka.

Yafuatayo ni machungu zaidi kuyasema. Miaka ileile ambayo sisi tulikuwa tukijitetea mbele ya Misri, ziwa lilikuwa likishuka. Kati ya 2003 na 2006 lilipungua kwa zaidi ya mita moja, likafikia kina cha chini kuliko vyote kwa karibu miaka 80. Mialo ilibaki kwenye tope, meli zikashindwa kukaribia gati. Ukame ulikuwepo, lakini haukuwa peke yake. Uganda ilikuwa imefungua bwawa la pili pale Jinja, Kiira, mwaka 2000, na kwa njaa ya umeme ikawa inaachilia maji kupita jedwali lililokubaliwa. Wachambuzi waliokagua takwimu walikadiria kwamba takribani nusu ya kushuka huko ilitokana na maji yaliyoachiliwa kupita kiasi. Walioumia hawakuwa Wamisri. Walikuwa wavuvi wa Homa Bay, Musoma na Sengerema. Itifaki ya kulitunza bonde la Ziwa Victoria ilikuwa imetiwa saini Arusha Novemba 2003, na Kamisheni ya Bonde ikawekwa Kisumu, lakini wino ulikuwa haujakauka mmoja wetu alipojiamulia peke yake. Miaka hiyohiyo Kenya na Uganda zilianza kugombania Migingo, mwamba mdogo kuliko uwanja wa mpira, kwa sababu ya sangara wanaovuliwa kando yake. Aliye juu hapati haki kwa sababu tu yuko juu, na hilo linatuhusu sisi kama linavyomhusu mwingine yeyote.

Mazungumzo ya bonde zima yalikuwa yakiendelea. Tarehe 22 Februari 1999, mjini Dar es Salaam, mawaziri wa nchi za Nile walizindua ushirikiano unaojulikana kwa herufi NBI, makao yake Entebbe. Kazi yake kubwa ilikuwa kuandika mkataba mmoja wa kudumu kuchukua nafasi ya barua za wakoloni. Kwa miaka kumi wajumbe walikubaliana karibu kila kifungu, wakagota kwenye kimoja: kifungu cha 14(b). Nchi za juu zilitaka iandikwe kwamba kila nchi itajizuia kuathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa nchi nyingine. Misri na Sudan zilitaka iongezwe kwamba isiathiri pia matumizi na haki zilizopo. Haki zilizopo maana yake ni 1929 na 1959. Ni ruhusa ileile ikirudi kwa mlango wa nyuma.

Hawakupatana. Tarehe 14 Mei 2010, mjini Entebbe, Ethiopia, Rwanda, Tanzania na Uganda zilitia saini bila kuzisubiri Misri na Sudan. Kenya ikafuata siku tano baadaye, Burundi Februari 2011. Miezi hiyohiyo Misri ilikuwa katika mapinduzi. Rais Mubarak aliondoka Februari, na tarehe 2 Aprili 2011 Meles Zenawi, waziri mkuu wa Ethiopia, aliweka jiwe la msingi la bwawa kubwa la nchi yake kwenye Nile ya Buluu. Lilijengwa zaidi kwa hatifungani na michango ya Waethiopia wenyewe, kwa sababu walizokutana nazo watu wa Shinyanga: benki za nje zilikaa mbali. Lina uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo bilioni 74 na lilizinduliwa rasmi Septemba 2025. Misri na Ethiopia zilizungumza zaidi ya muongo mmoja juu ya namna ya kulijaza na kuliendesha, na mpaka linazinduliwa hazikuwa na mkataba unaozifunga. Hapo sitaiunga mkono Ethiopia moja kwa moja. Ilikuwa na haki ya kujenga. Ilikuwa pia na wajibu wa kukubaliana mapema juu ya miaka ya ukame, kwa kuwa zaidi ya watu milioni 100 wa Misri hawana mto mwingine.

Na ni wakati huohuo wa mvutano ambapo Misri ilifanya jambo la busara kuliko vitisho vyake vyote vya nyuma. Desemba 2018, kampuni za Kimisri za Arab Contractors na Elsewedy zilitia saini mkataba wa kuijengea Tanzania bwawa la umeme la megawati 2,115 kwenye Mto Rufiji, nje kabisa ya bonde la Nile. Bwawa hilo linaitwa Julius Nyerere. Wahandisi kutoka nchi iliyoambiwa mwaka 1962 kwamba ruhusa yake haihitajiki, wamemwaga zege la ukuta unaobeba jina la aliyeiambia. Nchi mbili zinaweza kutofautiana juu ya karatasi na bado zikafanya kazi kubwa pamoja.

Mkataba wa Entebbe ulihitaji kuridhiwa na nchi sita ili uanze kutumika. Ethiopia na Rwanda zilitangulia mwaka 2013, Tanzania 2015, Uganda 2019, Burundi 2023. Ya sita ilikuwa Sudan Kusini, Julai 2024, nchi ambayo haikuwapo wakati saini za kwanza zinawekwa. Tarehe 13 Oktoba 2024 mkataba ukaanza kuwa sheria. Misri na Sudan zilisema hauzifungi. Kenya, iliyotia saini mwaka 2010, ilikuwa bado haijauridhia.

Kifungu cha 14(b) hakijamalizwa. Mkataba wenyewe unaiagiza Kamisheni ya Bonde la Mto Nile ikimalize ndani ya miezi sita baada ya kuundwa. Bunge la Kenya halina sababu nzuri ya kuendelea kukaa pembeni wakati mito yake inalilisha ziwa na watu wake wa Nyanza wanalitegemea, na liuridhie. Serikali za Kampala, Dodoma na Nairobi ziweke takwimu za maji yanayoachiliwa pale Jinja mahali ambapo mvuvi yeyote anaweza kuzisoma. Misri nayo ije ikae kwenye kiti chake ndani ya Kamisheni, ilete hofu yake mezani kama ilivyo, nasi tuijibu kwa vipimo na ahadi tunazoweza kuzitimiza. Mwaliko wa kuketi pamoja ulitumwa Cairo kutoka Dar es Salaam tarehe 4 Julai 1962, na haujawahi kufutwa.